Hariri Nyekundu ya Aunti

Wiki iliyopita nilipita tena mbele ya lile hekalu la Wahindi, kongwe kuliko nyumba zote za mtaa ule. Robot, taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu. Nikasikia kengele, kisha harufu ya kafuri ikanifikia barabarani. Rafiki yangu, miguu ilikwenda yenyewe! Nilijikuta langoni, viatu mkononi, kama mtoto wa miaka tisa.

Wakati ule tulikaa mtaa wa Doornfontein. Mama alikuwa na cherehani yake chini ya ghorofa letu, pamoja na mafundi wengine waliotoka Kongo kama sisi. Nikitoka shule nilifagia vipande vya vitambaa na kuokota sindano kwa sumaku. Mchana karakana nzima ilinuka sombe, majani ya muhogo ya kwetu, na mafuta ya cherehani. Kiingereza cha mama kilikuwa kidogo, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtafsiria wateja, na kwangu hiyo ilikuwa adhabu. Nilikuwa na haya sana. Nilitafsiri huku nimeangalia sakafu.

Mteja mmoja tu sikumwogopa, bibi wa Kihindi tuliyemwita Aunti. Alikuwa na miguu mifupi na kicheko kirefu, na kila mara alinijia na vitumbua vyake vya dengu vyenye pilipili. Siku moja alikuja na hariri nyekundu iliyofungwa katika gazeti. Aliachiwa na marehemu mama yake, na kwa miaka yote hakuwahi kuivaa.

"Ni ya mungu wetu, kwa sikukuu," alisema. "Mwambie mama aitengeneze vizuri."

Nikatafsiri. Mama akauliza vipimo. Aunti akacheka mpaka akakaa chini. "Hapimwi huyo! Njooni mkamwone."

Mama alikuwa mtu wa kwaya. Alitikisa kichwa. "Miye nashona tu, sendi kuabudu. Nenda weye, uniangalizie ana mabega gani."

Basi nikatumwa kwenda kumpima mungu kwa macho.

Ningekueleza vipi mnara wa lile lango! Ulipanda juu, ngazi kwa ngazi, na kila ngazi imejaa watu wa saruji waliopakwa rangi: wapiga ngoma, wacheza dansi, simba, wanawake wenye mikono minne. Shingo iliniuma kwa kuangalia. Aunti alisema babu zake walikuwa wafua nguo wa mjini, na hekalu lao la kwanza walilijenga kwa mabati.

Ndani sakafu ilikuwa baridi, na tausi wa jiwe alitazama chumba kidogo chenye giza ambacho kuhani peke yake huingia. Aunti alininong'oneza hadithi ya mungu wao. Palikuwa na jitu lililoonea dunia nzima. Mungu kijana alipolifukuza, likajigeuza mti mkubwa katikati ya bahari. Akaupasua kwa mkuki. Nusu ikawa tausi, nusu ikawa jogoo. "Hakuwaua," alisema Aunti. "Tausi akawa kipando chake, jogoo akamweka kwenye bendera."

Kengele zikalia zote pamoja. Kuhani akamwaga maziwa juu ya yule mungu wa jiwe jeusi, kisha maji, kisha akafunga pazia. Alitoka na nguo ambayo mungu aliivaa jana, akampa Aunti aikunje. Aunti alishika ncha moja, mimi nyingine. Ilikuwa ndefu, ndefu, tukarudi nyuma mpaka ukutani.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa tausi na jogoo, nikawasimulia mafundi wote. Mama alitaka mabega tu. Nikasema ni mapana kama ya mjomba. Akatosheka, akaitandaza hariri mezani, akachora kwa chaki. Suti ya kola, mikono mirefu, vifungo vya dhahabu.

"Mfalme atavaa kama mfalme," alisema, akafungua mkasi.

Hapo mikono yangu ikakumbuka ile nguo ya jana. Haikuwa na mkono. Haikuwa na kola. Haikuwa na mshono hata mmoja! Nikaweka kiganja juu ya chaki.

"Toa mkono, we mwana! Utakatika!"

"Mama... haikatwi."

"Nani kasema?"

"Hakuna. Nimeikunja yao. Ni nzima."

Mafundi wakaacha kukanyaga cherehani. Mmoja akadakia, "Mama, mungu huyo amepasua jitu zima kwa mkuki, ataogopa mkasi wako?" Wakacheka wote. Mama hakucheka. Aliutazama mkono wangu, akaweka mkasi chini, akaniambia nimpigie Aunti.

Aunti alifika anahema. Alipoona chaki, akashika kifua. Inavyotoka kwa mfumaji, alisema, ndivyo mungu anavyoivaa. Kwao hilo linajulikana na kila mtu, hakuwaza kulisema. Alichotaka ni pindo la dhahabu tu. Mama akalishona kwa mkono, siku tatu, akinung'unika kwamba fundi asiye na mkasi ni mpishi asiye na moto.

Siku ya sikukuu mungu alitoka juu ya gari la mbao, limejaa maua, watu wakivuta kamba na ngoma zikipasuka masikioni. Mama alikuja, akasimama ng'ambo ya barabara. Jua lilipopiga ile hariri, mama wa kwaya akaruka: "Ona! Pindo langu hilo!" Nikapiga kelele naye, mimi mwenye haya.

Karakana ile sasa ni duka la simu. Mafundi wametawanyika, wengine Rosettenville, wengine sijui wapi. Macho ya mama hayaoni tena tundu la sindano. Wiki iliyopita nilikusanya nguvu nikamwuliza kijana wa langoni habari za Aunti. Akaniambia amefariki. Nguo ya mungu ikichakaa hupewa mtu wa hekalu, na ile nyekundu alipewa Aunti. Alifunikwa nayo siku maiti yake ilipochomwa kwa desturi yao, nzima kama alivyoileta.

Nilimweleza mama jioni. Vidole vyake vikasugua ukingo wa kanga yake.

"Na pindo," akauliza, "lilikuwa bado limeshika?"

"Limeshika, mama. Lilikwenda naye."