Merikani ya Kuchujia Maji

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya sabuni, katika duka la mzee anayewakatia sanda za merikani Waislamu wa hapa Bariadi. Mbele yangu maofisa wanne walikuwa wakipanga safari ya Landrova tatu kupita nyika kavu hadi Ziwa Eyasi. Petroli walikuwa nayo mapipa. Maji, dumu moja.

"Maji tutayakuta madimbwini," alisema mkubwa wao. "Mzee, tukatie merikani ya kuchujia."

"Wafugaji wenyewe wamehama huko, mwanangu. Madimbwi yamekauka."

"Wewe kata."

Mzee akashika mkasi, akawatazama mmoja mmoja kutoka utosini hadi viatuni, kisha akauliza taratibu: "Mrefu wenu ni yupi?"

Yule mrefu alijikunyata. Mzee akakata kipande kidogo, mkubwa akakipokea, wakaenda zao. Kisha mzee akakata kingine kirefu, akakikunja, akakiweka kwenye rafu.

Mtu wetu akishapewa gari la serikali hudhani hata mvua iko chini ya ofisi yake.

Jana nilirudi kuulizia sabuni. Bado haijafika. Landrova nazo hazijarudi. Kitambaa kipo.