Sahani ya Maman Bahati: jirani yangu aliitwa mulozi, na mimi nikanyamaza

Bakubwa ba humu mu groupe, jambo kwenu bote.

Munanijua. Njo mimi nilibaelezea juu ya ile samaki ya ziwa yetu yenye ilivuta mutumbwi mpaka Goma. Leo natia chumvi kidogo sana. Mukono ikinishinda, munisamehe, ni mazoea. Na makosa ya kuandika pia: masomo ilinikimbia mu mwaka ya pili ya primaire, na mimi sikuikimbiza.

Hii ni kweli, na iko ya haya.

Ninakaaka Nyalukemba, kwa kaka yangu Déo, nalalaka ku fauteuil, kiti kubwa ya salon yake. Nyumba yangu ilishuka na udongo mu mvua. Bibi yangu alichukua batoto, akarudi kwao Nyangezi. Mimi nikabaki nachekesha batu. Ku parking ya moto, zile pikipiki za kubeba batu, nikifungua kinywa, hata ba policier ba barabara banasahau kukamata batu.

Hakuna mwenye alijua kama nikirudi ku ile fauteuil ya Déo, kicheko inabakia inje ku mulango.

Siku moja, muchana, jirani Maman Bahati aliniletea sahani ya bugali na sambaza, tusamaki tudogo twa ziwa. Ni mujane, anauzishaka sambaza ya kukaanga, na harufu yake inavukaka ziwa bila pasipoti.

"Papa Noella, unakonda. Kula."

Nikakula yote. Akaenda. Kisha nikafanya kitu sitaki kuelezea hapa. Nilitaka kufa. Njo hivyo, nimeiandika.

Déo alinikuta chini. Nikaamukia mu urgence ya hopitali, maji ya serum ku mukono, inatonya polepole, ndevu ingefika ku magoti mbele iishe.

Pembeni ya kitanda nikaona Tantine Faida, dada ya marehemu baba. Tayari iko na ile sahani ya Maman Bahati mu sachet, kama mupelelezi.

"Ni karuho ya ule mulozi Maman Bahati," anaambia kila mwenye anapita.

Kwa bale ba mbali: karuho njo ile sumu batu banasema adui anakutilia mu chakula. Huku kwetu hata ukijikwaa ku jiwe, kutapatikana mutu wa kusema ni karuho.

Na mimi nikanyamaza.

Bakubwa, haya yangu inaanzia hapo. Sauti nilikuwa nayo. Nilifunga macho, nikafanya kama ningali mugonjwa sana. Nilisema mu roho: bora banihurumie kuliko banicheke.

Kisha akakuya mama moja, psychologue wa pale, mwenye anasikilizaka batu ba roho nzito. Akatoa batu bote inje, akafunga pazia, akavuta kiti.

"Papa Noella, ulitaka kufa?"

Hivi tu. Kama mutu anauliza umekula nini.

Nikamwambia: "Maman, kifo yenyewe iliniona, ikasema huyu atatuchosha na hadithi, mumurudishe."

Akacheka. Ya kweli, mpaka nikaona meno ya nyuma. Nikafikiri nimeshinda.

Akapangusa macho. "Ulitaka kufa?"

Nikatoa ingine, ya mbuzi ya padri. Akacheka tena. Kisha swali ile ile, na sauti ile ile.

Mimi mwenye nachekeshaka hata ku matanga, nikatafuta ya tatu, haiko. Machozi ikakuya, bangefua nayo mashuka ya hopitali yote.

Sawa, ni chumvi. Shuka moja.

"Ndiyo," nikasema.

Hakunihubiria zambi. Akauliza kama ile kitu ingali ku nyumba, na nani anaweza kuitoa. Akauliza kama ile mawazo ikirudi, nitaambia nani. Nikakosa jina. Barafiki niko nabo ba kujaza stade, lakini bote ni ba kucheka.

Njo tukasikia Tantine inje, ku telefone: "Bijana bafunge mulango ya ule mulozi, asitoroke. Tunakuya."

Mama mwenye ameitwa mulozi mu quartier, siyo polisi njo inamufikiaka kwanza, ni batu na mawe.

"Maman Bahati hakufanya kitu," nikasema. "Baambie, maman."

"Mimi siwezi kusema mambo yako. Ni wewe. Lakini sitatoka hapa."

Tantine na Déo bakaingia. Niliangalia ile sachet, siyo sura zao.

"Maman Bahati hakunitilia kitu. Ni mimi mwenyewe nilitaka kufa."

Tantine akakaa chini. Déo, mwenye sijamuonaka analia tangu tuko batoto, akageukia ukuta. Kisha akakamata telefone: "Muache ule mama. Muache, nasema. Ni siye tulikosa."

Akaenda yeye mwenyewe kumufungulia, na kutoa ile kitu mu nyumba.

Kesho yake Maman Bahati akakuya. Balikuwa bamepiga mawe ku nyumba yake, dirisha moja ikavunjika, juu ya kumulisha mutu. Nikavuta shuka mpaka ku nywele.

"Sahani yangu iko wapi?"

Tantine akamurudishia na mikono mbili.

Maman Bahati akaiangalia, akanigeukia. "Ungeniambia tu mimi, mutoto wangu. Si nilikuwa hapo hapo?"

Ile psychologue akarudia swali yake: utaambia nani? Nikaonyesha Maman Bahati na kidole. Akamufundisha mbele yangu namna ya kuniuliza.

Sasa kila mangaribi anapita ku mulango ya Déo. "Leo roho namna gani? Na usinichekeshe kwanza."

Dirisha nilimutengenezea. Lakini kuko ba maman ba avenue yetu bangali bananunua sambaza mbali. Ile sijue kuitengeneza, njo mana naandika humu, sababu najua bamoja bao banasomaka.

Kile nimejifunza: ku urgence bakikuuliza, jibu. Haiko tribunal ya kukuhukumu. Ukinyamaza juu ya haya, mutu mwingine anapigwa mawe ya kwako.

Andikeni chini. Munitukane mukitaka, lakini Maman Bahati mumuache. Na kama kuko mwenye anasoma hii anacheka, na roho yake iko ku ile fauteuil, aite mutu mwenye iko karibu naye, leo hii. Kisha aandike hapa "niko" tu, asitafute maneno mazuri.

Tutamujibu. Na sitamuchekesha kwanza.