Mama mkwe na nyumba isiyo na mpishi

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe, tena juu mlimani.

Nilimtoa kwake Timbwani nikimwahidi kwamba siku mbili hatashika mwiko. Nyumba ya wageni huku milima ya Taita ina mpishi. Ndivyo nilivyoelewa mimi.

Tumepanda kwa miguu asubuhi nzima. Mama mbele, mimi na mume wangu Athumani tukihema nyuma.

Tulipofika, mlinzi akatukabidhi ufunguo. "Jiko lile, kuni zile. Hapa kila mgeni hujipikia."

Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akaketi barazani, akavua viatu.

"Athumani."

"Naam, mama."

"Nimekupikia tangu ulipoacha ziwa. Leo nipikie wewe."

Wallahi, mume wangu hajawahi kuwasha moto. Akanunua viazi na mayai kwa jirani, akapuliza kuni mpaka macho yakawa mekundu. Viazi vingine viliungua, vingine vibichi.

Mama akala mpaka sahani ikawa tupu. Sote tunamtazama.

"Niongeze," akasema.

Athumani anatabasamu mpaka sasa, na chakula cha jioni ameomba akipike mwenyewe.

Nyinyi wenye waume wanaopika, mliwafunzaje?