Wingu Moja Juu ya Mandari

Katika mji wa Skelby, kaskazini mwa Uingereza, pale nchi inapochoka na kuiachia bahari, hakuna aliyemshinda Wilfred Garstang kwa kunusa balaa katika maandishi. Alikuwa amesomesha Kiingereza katika shule ya mji ule hata akafikia kusomesha watoto wa wanafunzi wake. Wote, mzazi na mwana, aliwafunza jambo lile lile: mtihani wa ufahamu hauulizi kimetokea nini, unauliza mwandishi amefanyaje. Na mwandishi, kwa mujibu wa Garstang, hufanya jambo moja tu. Hutisha.

Imani hii hakuizua. Mwaka nenda mwaka rudi, dondoo la mtihani lilikuwa na nyumba isiyo na watu, au msitu, au mgeni asiyepiga hodi. Dalili ya mvua ni mawingu; kwa Garstang, dalili ya mawingu ilikuwa msiba. Basi akawatungia wanafunzi aya moja ya kukariri, inayolienea kila dondoo kama koti la mtumba: mwandishi ametumia hali ya hewa kuashiria msiba unaokuja, ametumia sentensi fupi kujenga taharuki, msomaji anaingiwa na hofu. Darasa likaiimba mpaka hata wavivu wakaijua, na wavivu wa Skelby si watu wa kujua jambo kwa urahisi.

Dirishani alikaa Tamsin Braithwaite, binti wa mchomeleaji. Tamsin alitaka kitu kimoja duniani: kujifunza uchomeleaji kwenye kiwanda cha meli alikofanya kazi baba yake. Nafasi alikwisha kupewa, kwa sharti moja, apate alama ya nne katika Kiingereza, ambayo ndiyo ya kufaulu, ya juu kabisa ikiwa ya tisa. Skelby ukikosa kiwanda, unabaki na duka la chipsi au unapanda treni na hurudi.

Msichana huyu alikuwa na ila yake. Alisoma kilichoandikwa.

"Mwalimu," aliuliza siku moja, "na kama hakuna baya linalotokea?"

"Baya hutokea tu, kipenzi. Lisingetokea, wasingelitia kwenye mtihani."

Darasa likaangua kicheko. Jirani yake, Callum, akamwambia aache kimbelembele, aandike wingu lake apate maksi zake aende zake. Baada ya kipindi Garstang akamwita pembeni, akamsihi kama mzazi: ana maisha yake yote ya kusoma kilichopo, lakini mwezi huu aandike kinachotakiwa. Amwamini. Tamsin akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri, na hilo ndilo lililomponza.

Siku ya mtihani Garstang hakuruhusiwa ukumbini. Alizunguka kwenye ujia kama mume nje ya wodi ya wazazi. Milango ilipofunguliwa, watoto wakatoka na nyuso za harusini.

"Mwalimu, umeua," Callum alimwambia. "Wingu lilikuwepo."

Ndipo akapewa nakala ya karatasi. Akaanza kuisoma wima, akaimalizia amekaa.

Ilikuwa mandari. Familia imekwenda kando ya mto na pai ya nyama. Mjomba amelala, kofia usoni. Mbwa anakula pai. Watu wanacheka. Wingu moja linapita mbele ya jua, shangazi anatafuta sweta, wingu linakwenda zake. Basi. Garstang alisoma tena toka juu, akitafuta maiti. Hakuna maiti. Swali lilitaka waeleze jinsi mwandishi alivyotumia lugha kuisawiri siku ya familia ile, na halikutaja hofu popote.

Hakumwambia mtu. Kiangazi chote alitembea na ile mandari kifuani. Jioni moja kilabuni Neville Braithwaite, baba yake Tamsin, alimnunulia bia, akamweleza kwamba ikifika Septemba wataingia getini pamoja, yeye na binti yake, na kwamba fadhila hiyo hataisahau. Garstang akainywa ile bia kama mtu anayemeza kwinini. Neville akamwongezea nyingine.

Matokeo yakatoka Agosti. Nusu ya darasa walikosa kwa unywele. Callum alifaulu: aya ilikuwa imempotea katikati, akajazia ukurasa kwa kumsifu mbwa. Tamsin alipata ya tatu, moja chini ya ile aliyotakiwa.

Garstang alimkuta kwenye ngazi, karatasi imekunjwa mkononi.

"Hukuona kwamba ni mandari?"

"Niliona, mwalimu. Toka mstari wa kwanza." Hakuwa akilia, na ingekuwa afadhali angelia. "Nikasema labda wewe unaona kitu mimi sikioni. Kwa hiyo nikaandika kwamba usingizi wa mjomba ni ishara ya kifo."

Neville alikuwa akisubiri kwenye gari. Aliteremka, akampa Garstang mkono, akamshukuru kwa juhudi zake. Garstang angependelea kofi.

Kesho yake alikwenda kiwandani mwenyewe kukiri kwamba kosa ni lake. Msimamizi wa wanagenzi, Bi Maureen Tyson, alikuwa mwanafunzi wake zamani. Alimtilia chai, akamweleza kwa upole kwamba nafasi itamngoja msichana mpaka Januari, endapo atafaulu marudio ya Novemba. Asipofaulu, itapewa mwingine, na hapo yeye hana la kufanya.

"Ile aya ningali naijua," aliongeza, akikoroga chai. "Mpaka leo siwezi kusoma kadi ya harusi bila kusubiri mtu afe."

Alisema kama mzaha. Hakucheka.

Basi Septemba, badala ya kuingia getini na baba yake, Tamsin akawa anakuja darasani saa ya chakula cha mchana. Siku ya kwanza Garstang alimwambia aisahau ile aya, kama aliyotungiwa na adui. Akamwekea dondoo alilolichagua kwa uangalifu mkubwa: mwanamke jikoni, asubuhi, anatengeneza mkate. Asome, kisha aseme kilichopo, hivyo tu.

Alisoma polepole, kidole chini ya mistari. Akarudi mwanzo. Akasoma tena.

"Kuna mwanamke anakanda unga," alisema mwishowe. "Na dirisha liko wazi."

"Vizuri. Endelea."

Tamsin aliinua macho, akaukagua uso wa mwalimu wake kama baharia anavyolikagua anga.

"Wewe ungependa nione nini, mwalimu?"

Garstang akaivuta karatasi upande wake ili amwonyeshe kwamba hakuna kilichofichwa. Akalitazama lile dirisha lililo wazi. Akalitazama kwa muda, na kabla hajafungua kinywa alikuwa amekwisha kuanza kujiuliza nani ataingia kwalo.