Bibi Aliyekataa Kulala Chini ya Picha

Ile picha ya kwenye ukuta wa ghala la Bangwe, Kigoma, niliiagiza mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu nimesikia wengine wakidai iliagizwa na Wazungu, na wengine kwamba wakimbizi waliichora wenyewe. Hapana. Wazo lilikuwa langu, maelezo ya kazi niliyaandika kwa mkono wangu, na fundi nilimtafuta mwenyewe. Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Mwamgongo. Niliondoka Kigoma kwa treni nikiwa na shati moja, nikabeba mizigo Kariakoo mchana na kusoma jioni, mpaka nikapata diploma ya maendeleo ya jamii. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kwa hiyo nilichokifanya nakisema.

Nilirudi katika miaka ile ya wakimbizi. Shirika moja lilinipa kazi kwenye kituo cha mapokezi, na kituo chenyewe kilikuwa ghala la zamani la mazao. Watu walivuka mpaka kwa miguu hadi Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, wakaletwa mjini kwa meli, wakalazwa ghalani wakisubiri malori ya kuwapeleka kambini. Wengine walikaa siku tatu, wengine mwezi. Ndani kulikuwa na mikeka, mablanketi ya kijivu, na harufu ya mahindi iliyokataa kutoka hata baada ya sakafu kusuguliwa kwa dawa.

Jambo nililoliona, ambalo wenzangu wote hawakuliona, ni kwamba watu wale walilala wakitazama ukuta. Mchana kutwa. Ukuta mrefu wa upande wa mlimani ulikuwa mtupu, una alama za magunia tu, na wao waliutazama kama mtu anayesubiri kuitwa.

Nililiona kwa sababu nami nilikuwa na ukuta wangu. Wazazi wangu walifariki nikiwa Dar es Salaam, na ndugu zangu walikuwa wametawanyika, mmoja Mpanda, mwingine sijui wapi. Nilipokwenda Mwamgongo kusalimia, walinitolea kiti cha peke yake, wakaninunulia soda, wakakaa mkekani mbali kidogo wakizungumza Kiha kwa sauti ya chini. Mzee mmoja aliniuliza kama nimekuja kukagua nyavu. Nilirudi na boti ya siku hiyo hiyo. Katika chumba nilichopanga Mwanga, pale mjini, nililala chali Jumapili nzima, na ninaweza kuwaambia rangi ya kila ufa uliokuwa pale.

Basi nikaandika pendekezo la kurasa mbili. Mkuu wa kituo, mama mmoja wa Iringa asiyependa maneno mengi, alilisoma akiwa amesimama.

"Mablanketi hayatoshi, wewe unataka rangi?"

"Mama, blanketi linafunika mwili. Mtu akiamka anatazama nini?"

"Anatazama kama uji umeiva." Akanirudishia karatasi. "Haya, msomi. Lakini nisije nikaona simba ukutani kwangu."

Maelezo niliyoyaandika yalikuwa mazuri, na mpaka leo sijaona afisa aliyeandika mazuri zaidi. Nilikataza ziwa, kwa sababu wengi walikuwa wamesafiri juu yake kwa hofu. Nilikataza bendera, askari, kanisa na msikiti. Nilikataza mlima wowote unaojulikana, asije mmoja akasema ni wa kwao na mwenzake akanuna. Nikaagiza nyumba moja ya nyasi yenye uzio, ua uliofagiwa, migomba nyuma, vilima vya kijani kwa mbali. Picha ya kutuliza.

Fundi nilimpata Ujiji. Alikuwa mzee wa makamo, mwenye kofia nyeupe iliyofifia, aliyeandika majina ya boti na vibao vya maduka. Herufi zake zilisimama wima kama watu walioko kwenye swala. Alisoma maelezo yangu polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hujaandika watu," alisema.

"Ungependa kuweka watu?"

"Mimi? Hata! Kiumbe chenye roho sichori. Siku ya mwisho nitaambiwa, haya, kitie uhai. Nitautoa wapi? Mtu siweki, ng'ombe siweki, hata kuku."

"Basi tumeelewana, Fundi."

"Tumeelewana, Bwana Diploma. Wewe umesahau, mimi nimekatazwa. Kazi itakwenda vizuri."

Alicheka peke yake. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeona kwamba sura za watu zingeleta ugomvi, huyu ni kabila gani, yule ni wa upande gani. Nilifurahi kumpata fundi ambaye dini yake ilikubaliana na maelezo yangu.

Alifanya kazi siku tisa. Picha ilipokwisha, mkuu wa kituo alisimama mbele yake mikono kiunoni akasema, "Hii nzuri," na yule mama hakuwahi kusema hivyo juu ya kitu chochote, hata mshahara. Uzio ulikuwa na kila kijiti chake. Majani ya migomba yalining'inia kama yamenyeshewa sasa hivi. Niliandika ripoti.

Siku ya tatu niliona mikeka imehama. Sehemu nyingine yote ya ukuta ilikuwa imejaa watu, wamebanana bega kwa bega, lakini chini ya picha palibaki sakafu tupu, upana wa hatua nne. Nilidhani ni siafu. Nikaagiza pamwagwe majivu.

Halafu kulikuwa na bibi mmoja. Alikuwa ameletwa na meli peke yake, hana mtoto, hana mjukuu, ana kibuyu na kitenge kimoja. Nafasi yake ilikuwa chini ya ukuta ule tangu kabla ya picha. Sasa alikuwa ametoa mkeka wake nje, akaweka barazani, kwenye saruji. Mwanzoni hakuna aliyejali, jua lilikuwa kali. Lakini Oktoba ilikuwa inaisha, upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kubeba manyunyu mpaka barazani, na bibi alikuwa anakohoa kikohozi cha chini kabisa kifuani. Muuguzi alimrudisha ndani mara mbili, na mara mbili akatoka.

"Mvua moja ya kweli ikimkuta hapo," muuguzi aliniambia, "tutamzika hapa hapa Bangwe, na hatujui hata wa kumpelekea habari. Mwambie wewe. Wewe si ndiye mtu wa jamii?"

Nilimwendea asubuhi, nikachuchumaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana."

Nilijaribu Kiha, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na nilikuwa sijakizungumza na mtu kwa miaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu kwa fizi.

"Kiha chako kimeota kutu. Sema Kiswahili, nitasikia."

"Kwa nini hulali ndani, bibi? Kuna joto. Kuna picha nzuri."

Aligeuza uso kuelekea mlangoni. "Wenyewe wamekwenda wapi?"

"Wenyewe gani?"

"Wenye nyumba ile."

"Ni picha tu, bibi."

"Najua ni picha. Sijawa mjinga kwa sababu nimezeeka." Alikohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Mimi nilipotoka kwetu niligeuka mara moja. Mara moja tu. Ua umefagiwa, niliufagia mwenyewe asubuhi ile. Migomba mibichi. Ng'ombe hakuna, mtu hakuna, moshi hakuna. Ni hivyo hivyo. Sasa wewe umeniwekea niitazame kila siku, na unataka nilale mlangoni pake. Pale hapalali mtu. Pale watu wamekwenda."

Nilikaa kwenye saruji ile na jambo moja likanirudia, jambo ambalo hakuna darasa lililonifundisha na ambalo nilikuwa nalijua kabla ya kujua kusoma. Kila asubuhi mama yangu alitoka nje na kutazama paa za majirani. Nyumba isiyotoa moshi mpaka jua likapanda, alitupa kanga begani akaenda kubisha hodi, maana ndani kuna mgonjwa, au kuna maiti, au hakuna mtu. Mwamgongo nzima iliishi hivyo. Nilikulia humo. Kisha nikaandika kurasa mbili za maelezo, nikapanga vijiti vya uzio, nikasahau moshi.

Nilikwenda Ujiji siku hiyo hiyo. Fundi alikuwa anaandika jina kwenye ubavu wa boti.

"Weka watu wawili tu," nilimwambia. "Wadogo. Kwa mbali. Hata sura usiweke."

"Hata mguu mmoja siweki."

"Kuna ajuza atakufa kwa sababu ya ukuta wako."

"Wako," alisema bila kugeuka. "Mimi nilikwambia, hujaandika watu. Ukaniambia tumeelewana."

Ningeweza kutafuta mchoraji mwingine. Wako vijana wanaochora wacheza mpira kwenye vibanda vya vinyozi, wangenijazia ua wote kwa nusu siku. Lakini kufuta kazi ya mtu mbele ya macho yake si jambo nililoweza kulifanya, na kusema kweli mtu yule ndiye pekee mjini aliyekuwa akinitania. Nikamwambia, "Basi njoo umwambie mwenyewe."

Alikuja kesho yake mchana, na kofia safi. Aliketi barazani, akamwamkia bibi, wakaulizana habari za mavuno kana kwamba wote wana mashamba. Kisha akamweleza kuhusu roho, na siku ya mwisho, na kuambiwa akitie kiumbe uhai. Bibi alikuwa Mkatoliki, rozari shingoni, lakini aliitikia kwa kichwa kila neno kama anayesikia jambo la busara.

"Kweli," alisema. "Usichore mtu. Utamtesa, na yeye atakutesa." Akafikiri. "Fundi, moshi una roho?"

Fundi alishika ndevu. "Moshi hauna roho."

"Basi wapikie."

Fundi alinitazama, mimi nikamtazama. Akainuka kwenda kuchanganya rangi.

Mara ya kwanza aliharibu. Alitia nyeusi nyingi, moshi ukatoka mzito juu ya paa, na mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha alishika mtoto akatoka ghalani mbio bila viatu. Nilielewa kabla ya mtu kunieleza: nyumba inaungua. Nilinyakua kitambaa chenye mafuta ya taa na kufuta mwenyewe, shati langu la kazini likaharibika, fundi akisema, "Pole pole, Bwana Diploma, unaondoa na paa langu."

Bibi hakuingia. Alisimama kizingitini, mkono kwenye fremu ya mlango, akaelekeza kutoka hapo.

"Si kutoka mahali pamoja. Nyasi hazina bomba. Unapenya kila mahali, kama mvuke wa nguo iliyoanikwa. Mwembamba. Hapana, huo ni wa kuni mbichi. Hawa wana kuni kavu, si uliwaona walivyo nadhifu?"

Wanawake walianza kucheka. Mmoja akasema rangi ya samawati kidogo, mwingine akasema hapana, hiyo ni ya kuchoma taka. Mwanaume mmoja akauliza wanapika nini, wakamwambia maharage, akasema basi moshi uwe wa muda mrefu.

"Ni moshi wa asubuhi au wa jioni?" fundi aliuliza, amesimama juu ya pipa.

Wote walimtazama bibi.

"Wa jioni," alisema. "Wa asubuhi watu wanatawanyika. Wa jioni wamesharudi, wako ndani wote. Ndiyo maana huwaoni uani."

Fundi akatia wekundu kidogo kwenye anga, juu ya vilima. Hilo hakuambiwa na mtu.

Mvua ya kweli ilikuja siku mbili baadaye, saa tisa alasiri, na upepo ambao uligeuza ziwa kuwa jeupe. Nilikuwa ofisini. Nilikimbia hadi barazani na mwavuli, na mkeka haukuwapo. Nilifungua mlango wa ghala.

Bati lilikuwa linapiga kelele hata huwezi kusikia sauti yako. Sakafu iliyokuwa tupu sasa ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wamerudi chini ya picha, magoti yamekutana, na bibi alikuwa katikati yao, mgongo wake ameuegemeza pale pale mlangoni pa ile nyumba. Mtu alikuwa anamsugulia kifua mafuta ya mawese. Wanawake wawili walikuwa wanabishana juu ya kitu na mmoja akampiga mwenzake begani kwa kucheka. Hakuna aliyekuwa anatazama ukuta.

Mimi niliutazama. Ulikuwa mzuri. Nimeagiza kazi nyingine tangu hapo, moja katika zahanati, moja shuleni, na zote ni nzuri, lakini kama ile sijapata tena. Nilisimama pale nikisubiri, sijui nikisubiri nini. Labda mtu aseme kitu.

Bibi aliniona. Aliinua sauti juu ya bati.

"Mwana! Ingia au toka. Mvua inatuingilia."

Palikuwa na nafasi. Mtu mmoja alikuwa ameshavuta miguu yake kunipisha. Nilisema nina ripoti ya kuandika, na ilikuwa kweli, nilikuwa nayo. Bibi alinipungia mkono kama anayemfukuza kuku, bila ubaya, akawageukia wenzake.

Nikatoka, nikauvuta mlango nyuma yangu mpaka nikasikia komeo limeshika.