Majina Yanayosomwa Jumapili

Wifi yangu alishika funguo za stoo ya chakula ya kanisa kwa miaka tisa, na miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akilamba hata chembe ya sukari iliyodondoka mezani. Watu walimwita Mama Mizani. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka mpaka mashine ikafungwa, na mkono wake ulijua kilo mbili bila kuangalia mshale. Kila Alhamisi yeye alipima, mimi nikafunga mifuko na kupiga domo. "Wifi," alikuwa akiniambia, "ungefunga mifuko kama unavyofungua mdomo, tungekuwa nyumbani saa nne."

Sheria ya majina aliileta yeye mwenyewe. Mwaka mmoja kuna mwanamke alichukua chakula mara tatu siku moja, dirisha lile lile la kugawia, kwa vilemba vitatu tofauti, na sisi tukampa huku tunamwambia pole mama. Wifi akawaka. Akasimama kwenye kikao cha kamati akasema kuanzia sasa kila anayepewa jina lake lisomwe kanisani Jumapili, baada ya matangazo, naye asimame aseme nashukuru. Na anayepokea asishike funguo wala asikae upande wa ndani wa dirisha. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikauma, nasema kabisa, msije mkanidhania malaika.

Baadhi ya watu wakaacha kuja. Tukasema mnaona, hao ndio waliokuwa waongo.

Kisha kaka yangu, mume wake, fundi wa kuezeka, akaanguka kutoka kwenye paa la shule. Mgongo ukagoma. Miezi mitano yuko chali kitandani, na vitu vya ndani vinatoka kimoja kimoja: redio, kabati, mwisho mpaka kitanda cha wageni. Mimi kwangu tuko saba kwa mshahara mmoja wa mlinzi. Kibaba cha unga nilichowapelekea kila Jumapili hakikutosha hata kufika Jumatano. Nikimwuliza wifi wanaendeleaje, anajibu, "Tunasukuma siku." Basi, nikamwamini, kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini.

Nilianza kuona tunapomaliza kazi anabaki nyuma kufagia. Maharage yaliyomwagika chini ya magunia, unga uliochanganyika na vumbi, vyote anavikusanya kwenye mfuko. "Vya kuku," aliniambia. Kuku gani, jamani? Nyumba yenyewe haina uwanja wa kuku wawili kupishana! Nilijua, nikajifanya hamnazo.

Jumamosi moja nikamkuta kaka anakula maharage, kalala ubavu. Akauma kitu, akatema jiwe kiganjani. Mengine manne alikuwa ameshayaweka pembeni mwa sahani.

"Wifi yako siku hizi hachambui vizuri," akasema, anacheka. "Macho yamechoka."

Wifi hakuwa na sahani. Alisema amekula kanisani. Kanisani hatuli chochote, hata maji tunakwenda nayo.

Nikamvuta uani. "Andikisha jina."

"Ng'o!"

"Mume wako anakula mawe!"

"Yeye anajua nanunua. Jina lake lisomwe mbele ya mafundi wenzake? Hiyo aibu itammaliza kabla ya mgongo." Akafuta mikono kwenye khanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Na mimi wataninyang'anya stoo. Alhamisi ndiyo siku pekee natoka humu nikiwa mtu. Niache, wifi, nakuomba."

Ningemwacha. Lakini kiherehere changu mnakijua sasa. Nikaenda kwa katibu wa kamati, mwalimu mstaafu, mtu mpole asiyeinua sauti hata kwa mbwa. Nikamweleza yote. Nikamwomba amwandike, ila jina asilisome. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekuelewa, mama." Nikatoka pale nimefurahi, naimba njia nzima.

Jumapili jina la wifi lilikuwa la nne.

Wifi hakumtazama katibu. Alinitazama mimi, mara moja tu, halafu akasimama. "Nashukuru," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Ibada ilipoisha alikuwa ameshaweka funguo mezani kabla hajaombwa.

Nilimfuata katibu kwa hasira. "Ulisema umenielewa!"

"Nilikuelewa. Sheria aliiweka mwenyewe. Nikimruka yeye, wale wengine niliowasimamisha nitawaambia nini?"

Nilimchukia sana siku ile, na bado namchukia, na jibu bado sina.

Habari zilimfikia kaka kabla mkewe hajafika nyumbani. Siku mbili hakutia kitu mdomoni, amegeukia ukutani.

Alhamisi funguo nilikuwa nazo mimi. Nilipofungua dirisha, wifi alikuwa kwenye foleni, wa saba, nyuma ya kikongwe mmoja ambaye kila wiki wifi ndiye aliyekuwa akimbebea mfuko mpaka barabarani. Zamu yake ilipofika nikaanza kumfungia haraka haraka, macho chini, machozi yananidondokea kwenye unga.

"Hujaniuliza," akasema.

"Wifi, jamani, chukua tu."

"Kila mtu anaulizwa. Waliosimama nyuma yangu wanaona. Niulize."

Nikafungua daftari. Mke wa kaka yangu, niliyemsindikiza kwa mkono wangu siku ya harusi yake, nikamwuliza jina lake nani na nyumbani wako wangapi. Akanitajia jina lake, la baba yake na la babu yake, polepole, akingoja kila moja niliandike. "Wawili," akasema, akachukua mfuko wake, akampisha aliyekuwa nyuma.