Miezi Minane Bila Jua

Watu wote walimwambia Anatolia kwamba Goziba si mahali pa kulea mtoto. Kisiwa kitupu, jua kali, wavuvi wa kila kabila, pombe tangu asubuhi. Aliwasikiliza. Mume wake alikuwa amekufa kwa Juliana, ugonjwa wa kukonda ambao watu wa Kagera waliupa jina la kitambaa cha magendo, na shemeji zake walikuwa wamekwisha kuchukua kibanja, shamba lake la migomba. Kilichobaki kwake ni kukausha sangara kisiwani. Basi binti yake Verdiana, wa mwaka mmoja na miezi miwili, akamwacha kijijini Maruku kwa dada yake Jovitha, kwenye nyumba ya bati iliyozungukwa na migomba mpaka dirishani.

"Nenda, waitu, ndugu yangu," Jovitha alimwambia. "Nitamlea kama wangu."

Kila Masalu, mvuvi jirani yake kisiwani mwenye mtumbwi wa injini, alipokwenda Bukoba, Anatolia alimpa mzigo wa Verdiana: sangara wa moshi na chupa ya mafuta ya samaki. Majibu yalikuja kwa barua. Mtoto anakula. Mtoto amenenepa, hutamtambua.

"Lakini dada yako ana vituko, shemeji," Masalu alimwambia siku moja. "Mzigo anapokelea dirishani. Mlango hajanifungulia hata mara moja."

"Anaogopa harufu yako," Anatolia alisema, na wote wakacheka.

Mwezi wa nane tangu amwache mtoto alikwenda mwenyewe bila kutoa taarifa, na gauni jekundu alilolinunua kwa kukisia unene wa kwenye barua. Alikuta mlango umefungwa mchana kweupe. Jovitha alipofungua, hakumkumbatia. Alitazama kwanza barabarani.

Verdiana alikuwa chumba cha ndani, kisicho na dirisha, amekaa kwenye nyasi za sakafuni. Aliposikia watu hakusimama. Mama yake alimnyanyua akashangaa wepesi wake. Miguu ilikuwa imepinda kama upinde, na kifua kilikoroma. Sebuleni palipokuwa na mwanga mtoto alificha uso kwapani.

"Usimtoe nje!" Jovitha alisema. "Watu watamwona!"

"Wamwone ana nini?"

Jovitha alikimbilia mlangoni. Anatolia alikwisha kutoka.

Kwenye zahanati muuguzi mmoja, Alistidia, alimsikiliza mtoto kifua, akambonyeza mbavu na vifundo vya mikono.

"Mama, huyu huwa anaota jua?"

"Sijui, sista." Aliona aibu kusema hivyo juu ya mtoto wake.

"Na samaki?"

"Samaki anakula sana. Namletea mimi."

Alistidia aliitazama tena ile miguu. "Sidhani," alisema. "Jua likigusa ngozi, mwili wenyewe unatengeneza vitamini D. Samaki wa mafuta wanayo pia. Mtoto akikosa vyote viwili mifupa inakuwa laini, inapinda. Tena si mifupa tu. Chembe za damu zinazoulinda mwili nazo zinaihitaji. Zikiikosa zinalegea, na vijidudu vya kifua vinaingia vinavyotaka. Kifua hiki si cha jana."

"Ana ugonjwa wa baba yake?"

"Hapa sina kipimo, siwezi kukudanganya. Hii ni nimonia, nitamchoma sindano, maana jua peke yake halitaiponya. Lakini usimrudishe gizani."

Jioni hiyo alimwuliza dada yake: samaki wako wapi?

Jovitha alimpeleka nyuma ya nyumba. Migomba mitano ilikuwa minene kuliko yote, mikungu imeinama mpaka ikaegemezwa kwa miti.

"Umewafukia?"

"Ningefanyaje? Watu walikuwa wanasema ugonjwa unatoka visiwani. Nina wanangu wanne."

"Na mafuta?"

"Humohumo."

"Wewe uliniandikia amenenepa."

"Nilitaka usihangaike, Anatolia. Hujui walivyotufanyia. Kanisani benchi letu tulibaki peke yetu. Mtoto akikohoa, watu wanaangaliana. Nikasema nikimweka ndani watasahau."

"Wamesahau," Anatolia alisema. "Na wewe ukamsahau."

Jovitha alianza kulia. Labda kwa kweli, maana alikuwa mtu wa huruma tangu utotoni. Anatolia alikisikia kile kilio kama cha jirani. Kama angeambiwa ukweli, hata kwa matusi, angekuja kumchukua mtoto wiki ileile.

Alikaa siku kumi kwa rafiki yake, mtaa wa Bilele mjini Bukoba, mpaka sindano zilipokwisha. Asubuhi na jioni alimweka Verdiana uani bila nguo, na mpita njia aliyetaka kutazama alitazama. Homa ilishuka. Miguu ilibaki vilevile. Alistidia alisema itachukua miezi.

Siku ya kuondoka Jovitha aliwakuta ziwani na kikapu cha ndizi. Anatolia alipokea, akashukuru. Masalu alikuwa ameshawasha injini na mtumbwi ulikuwa unacheza. Huwezi kupanda na mtoto mkononi.

"Nipe nimshike, halafu nikupokeze," Jovitha alisema, akanyoosha mikono.

Anatolia aliitazama ile mikono. Ilimbeba yeye mwenyewe alipokuwa mdogo. Kisha akampita.

"Masalu," aliita, "zima injini uje umshike mtoto wangu."